Mchuzi Mzito wa Nyama ya Ng'ombe kwa Watu Sita, kwa Bajeti Ndogo: Mwongozo Kamili

Fedha inayotosha kilo moja ya steki, ukiitumia kwenye nyama ya mchanganyiko, yaani ile yenye mifupa na mishipa, hukuachia chenji ya nyanya, vitunguu na pengine viazi. Hata hivyo watu wengi huuchukua mchanganyiko kwa shingo upande, kana kwamba ni nyama ya kuvumilia hadi mwisho wa mwezi. Kwa kuchoma sawa, steki ina nafasi yake. Kwa mchuzi mzito wa kulia ugali au wali, nitasimama na mchanganyiko siku zote, na si kwa sababu ya bei peke yake.

Sababu iko kwenye mishipa, ngozi nyembamba na gegedu zinazoshikilia nyama na mfupa. Ndani yake kuna protini iitwayo kolajeni. Ikikaa kwa muda mrefu kwenye moto wa taratibu, kolajeni huyeyuka na kuwa jelatini, ile inayofanya midomo inate kidogo ukinywa supu ya makongoro. Jelatini ndiyo inayoupa mchuzi uzito bila unga. Steki haina kolajeni ya kutosha. Ukiichemsha saa mbili inabaki nyuzi kavu zinazoelea kwenye maji mekundu, na fedha yako imekwenda.

Hapa chini nitaeleza mlo wa watu sita. Unahitaji sufuria moja nzito yenye kifuniko, kikaango au sufuria ndogo ya pili, na muda. Ukitaka kula saa 2 usiku, nyama iwe jikoni saa 10 na nusu jioni.

Mahitaji

- Nyama ya ng'ombe yenye mifupa, kilo 1
- Vitunguu maji vikubwa 3
- Nyanya zilizoiva sana 5 au 6
- Nyanya ya kopo, kijiko kikubwa 1
- Kitunguu saumu, punje 6
- Tangawizi mbichi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba
- Viazi mviringo 4 vya wastani
- Karoti 2
- Pilipili hoho 1
- Mafuta ya kula, vijiko vikubwa 3
- Binzari nyembamba ya unga, kijiko kidogo 1
- Giligilani ya unga, kijiko kidogo 1
- Binzari ya manjano, nusu kijiko kidogo
- Pilipili manga, nusu kijiko kidogo
- Chumvi, na ndimu 1

Mdalasini kipande kidogo na karafuu mbili zinafaa ukiwa nazo. Usiende dukani kwa ajili yake. Viungo vya mchuzi vya pakiti vinaweza kuchukua nafasi ya hizo binzari, lakini vingi vimetiwa chumvi tayari, basi chumvi yako iache hadi mwisho na uonje kwanza.

Buchani

Hapa ndipo mlo unapopatikana au kupotea, kwa hiyo usione haya kuzungumza na muuzaji. Usiseme tu "nipe kilo ya mchanganyiko", maana hapo umempa ruhusa ya kukujazia chochote kilichobaki mezani. Taja sehemu. Kidari ndiyo chaguo langu la kwanza: kina nyama, mafuta na mishipa kwa kadiri nzuri. Shingo ni ya pili, ina ladha nzito na mara nyingi watu huipita. Muundi una uboho ndani ya mfupa na mishipa mingi kuuzunguka, hivyo kipande kimoja kikichanganywa na kidari hubadilisha mchuzi wote. Mbavu ni tamu ila mfupa ni mwingi kuliko nyama. Mkia ni mzuri kupita zote, lakini siku hizi bei yake imepanda, na hauhesabiki tena kuwa nyama ya bajeti.

Mfupa usizidi theluthi moja ya uzito. Kwa kilo moja, gramu 300 hivi za mfupa zinatosha kukoleza mchuzi. Zikizidi hapo unalipia mfupa kwa bei ya nyama. Mwambie muuzaji: "Nipimie kidari, niwekee na kipande kimoja cha muundi, usinijazie mifupa mitupu." Mteja anayejua anachotaka huheshimiwa.

Angalia nyama yenyewe. Iwe nyekundu iliyokolea, kavu kidogo juu, isiyonata vidole wala kutoa harufu ya uchachu. Tafuta muhuri wa mkaguzi kwenye paja au bega linaloning'inia.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii ni umri wa nyama tangu ng'ombe achinjwe. Kwenye miji kama Dar es Salaam, ng'ombe huchinjwa usiku katika machinjio kama Vingunguti, na alfajiri nyama iko buchani. Ukiipika asubuhi hiyohiyo unaikuta bado imekakamaa, kwa sababu misuli huhitaji takriban siku nzima kulegea baada ya mnyama kufa. Ongeza kwamba ng'ombe wetu wa kienyeji wenye nundu wamechungwa na kutembea maisha yao yote, na misuli inayofanya kazi hujenga kolajeni ngumu. Kama una friji, nunua leo upike kesho. Utaokoa nusu saa ya moto. Kama huna, pika leo na uipe muda zaidi.

Kuosha na kukata

Nyama iliyokatwa kwa shoka juu ya gogo huwa na chembe za mfupa, na hizo hazipendezi mdomoni mwa mtoto. Suuza vipande vyenye mfupa haraka kwa maji baridi, hasa palipokatwa. Sehemu ya nyama tupu ioshe ikiwa pande kubwa, kabla ya kuikata. Usiloweke nyama kwenye beseni. Ile damu na majimaji unayoyamwaga ndiyo ladha ya mchuzi wako.

Kata vipande vya sentimita 4 hadi 5. Vitaonekana vikubwa, lakini nyama hupungua ikiiva, na vipande vidogo huyeyuka kabla mishipa haijalainika. Vichuje vizuri, kisha tia kijiko kidogo cha chumvi, nusu ya tangawizi na saumu vilivyotwangwa, na maji ya nusu ndimu. Viache vikae wakati unawasha jiko na kumenya vitunguu.

Nyama na ijikaange yenyewe

Hatua hii ina thamani kuliko viungo vyote vya kabatini. Bandika sufuria kavu kwenye moto mkali, tia nyama yote pamoja na mafuta yake, usitie maji wala mafuta ya kupikia. Funika. Baada ya dakika chache nyama itatoa maji mengi na kuanza kuchemka ndani ya maji yake. Iache ichemke hivyo dakika 10 hadi 15, kisha funua.

Sasa maji yatakauka taratibu. Sauti itabadilika: kutoka mchemko mzito kwenda kwenye mlio wa kukaanga. Mafuta ya kidari yameyeyuka na nyama inajikaanga ndani yake. Hapo usiondoke. Geuza kwa mwiko kila baada ya dakika mbili hivi, ili kila upande upate rangi ya kahawia. Chini ya sufuria kutashika ukoko wa kahawia. Usiogope ukoko huo, mradi haujawa mweusi. Rangi hiyo na ile harufu inayofika hadi nje hupatikana tu nyama ikiwa kavu kwenye moto mkali, kwa sababu maji yanayochemka hayavuki nyuzi joto 100, na kahawia huhitaji joto la juu zaidi. Ndiyo maana nyama iliyochemshwa tu tangu mwanzo hutoa mchuzi uliopauka, hata ukiutia nyanya za sado nzima.

Rangi ikishapatikana, mwagia kikombe kimoja cha maji ya moto, ukwangue ukoko wote kwa mwiko hadi uyeyuke. Kisha ongeza maji ya moto mpaka yafunike nyama na kuzidi kwa upana wa vidole viwili. Maji ya moto, tafadhali. Ya baridi hushusha joto la sufuria nzima na kumaliza mkaa bure.

Moto wa taratibu

Ikichemka, toa povu, kisha punguza moto. Unataka viputo vya mchemko vinavyopanda kimoja kimoja, si maji yanayotibuka. Moto mkali haulainishi nyama upesi kama wengi wanavyodhani. Huzibana nyuzi na kuzikamua maji yake, wakati mishipa bado inangoja muda. Kwenye jiko la mkaa, ziba mlango wa chini na ufunike makaa kwa majivu kidogo. Makaa hayo yatadumu, na sufuria haitahitaji zaidi ya hapo. Funika kifuniko vizuri, uache saa moja na nusu hadi mbili. Kagua maji kila nusu saa.

Utajua imeiva pale kijiko kinapokata kipande bila kusukumwa, na nyama ya muundi inaachia mfupa. Ikivutika kama mpira bado haijafika, hata kama saa imesema vinginevyo.

Kuhusu njia za mkato, nina maoni yaliyo wazi. Papai bichi linafanya kazi kweli, maana lina kimeng'enya kinachokata protini. Kijiko kikubwa kimoja cha papai bichi lililokwaruzwa kwa kilo moja ya nyama, kwa dakika 30 kabla ya kupika, kinatosha. Ukizidisha, nyama inakuwa uji kwa nje. Magadi nayo hulainisha, lakini huacha ladha ya sabuni, basi mimi siyatii. Na wapo wapishi wanaotumbukiza vidonge vya paracetamol ili nyama iive haraka. Usifanye hivyo kamwe, wala usimruhusu mtu akufanyie. Hiyo ni dawa, ina kipimo chake, na kipimo kikizidi huumiza ini. Hakuna anayejua kila mlaji atapata kiasi gani kwenye sahani.

Njia ya mkato ninayoiunga mkono kwa moyo wote ni sufuria ya presha. Mvuke ukibanwa, maji hufikia takriban nyuzi joto 120, na kidari huiva kwa dakika 35 hadi 45 badala ya saa mbili. Ya umeme hutumia chini ya uniti moja kwa kazi hii, kwa kuwa ikishapanda joto hujizima na kujiwasha. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa mpishi wa nyama na maharage, sufuria ya aina hii ndiyo sehemu ya mkakati huo anayoweza kuiona kwenye pochi yake. Bado kaanga nyama kwanza, tia maji kidogo kuliko kawaida kwani hayakauki, na uunge rojo la vitunguu na nyanya mwishoni.

Asiye na presha ana kapu. Chukua kapu kubwa au boksi, lizungushie blanketi nzito au magunia ndani. Nyama ikishachemka kwa dakika 40, iweke sufuria humo ikiwa ya moto kabisa na imefunikwa, iwe imejaa angalau theluthi mbili, kisha ifunike tena kwa blanketi juu. Itaendelea kuiva kwa saa mbili au tatu bila kaa hata moja. Usiifunuefunue. Ukiitoa, ichemshe tena dakika 10 kamili kabla ya kuendelea.

Kuunga rojo

Ukiwa na majiko mawili, fanya hatua hii wakati nyama inaiva. Ukiwa na moja, unga rojo kwanza kabisa wakati moto ni mkali, liweke pembeni kwenye bakuli, kisha ndipo ubandike nyama.

Katakata vitunguu vyembamba. Pasha mafuta, tia vitunguu na chumvi kidogo sana, ukaange kwa moto wa wastani dakika 12 hadi 15. Wengi hukosea hapa kwa haraka: kitunguu kikipoteza weupe tu, wanamimina nyanya. Kingoje kiwe cha rangi ya dhahabu iliyokolea. Kitunguu kilichofika hapo huyeyuka ndani ya mchuzi na kuuongezea uzito, ilhali kile cha haraka kitaelea vipandevipande hadi mezani.

Tia saumu na tangawizi iliyobaki, koroga nusu dakika, kisha binzari zote, giligilani na pilipili manga. Viungo vya unga huungua upesi, hivyo kijiko cha maji hapohapo kinasaidia. Harufu ikipanda, tia nyanya zilizokwaruzwa au kusagwa, na nyanya ya kopo. Pika bila kufunika, ukikoroga, mpaka nyanya zikauke na mafuta yajitenge pembeni. Ni dakika 15 hivi. Mafuta yakishajitenga, ule uchachu wa nyanya mbichi umeondoka. Nyanya zikiwa bei juu, kama inavyotokea mvua zikizidi, tumia tatu tu na uongeze karoti moja iliyokwaruzwa na kijiko cha pili cha nyanya ya kopo.

Kuunganisha

Mimina rojo lote kwenye sufuria ya nyama. Suuza kikaango kwa upawa mmoja wa supu na uirudishe, usiache kitu. Tia viazi vilivyokatwa nusu nusu na karoti vipande vinene. Acha vichemke taratibu dakika 20 hadi 25, sufuria ikiwa imefunikwa nusu ili maji yapungue. Hoho itie dakika tano za mwisho, inatosha kutoa harufu.

Viazi vikiiva, toa vipande vitatu au vinne, vipondeponde kwa mwiko na uvirudishe. Mchuzi utashika hapohapo, na ladha yake haitakuwa ya unga. Sasa onja chumvi. Ukisikia mchuzi umepooza ingawa chumvi imekaa sawa, kinachokosekana ni uchachu: kamulia nusu ndimu iliyobaki. Ipua, uache utulie dakika 10 kabla ya kupakua.

Pwani na visiwani wengi watataka tui. Kikombe kimoja cha tui zito kitiwe mwishoni, moto ukiwa mdogo, na usifunike, lisije likakatika. Anayependa karanga achanganye vijiko viwili vikubwa vya karanga zilizosagwa na supu ya moto kwanza, kisha amimine. Huo ni mchuzi mwingine kabisa, na kwa ugali ni mtamu ajabu.

Mambo yakienda kombo

Mchuzi ukiwa mwepesi, funua na uongeze moto dakika 10 kabla ya kukimbilia unga. Ukilazimika, kaanga kijiko kikubwa cha unga wa ngano kwenye mafuta kidogo hadi unukie, uuyeyushe kwa supu, kisha utie. Unga mbichi huacha madonge. Chumvi ikizidi, ongeza maji ya moto na viazi zaidi, kwa kuwa kiazi hakinyonyi chumvi peke yake kama inavyosemwa. Kinachosaidia ni kuongeza chakula. Mafuta yakiwa mengi juu, yaengue kwa kijiko uyatunze. Ni mafuta mazuri ya kukaangia mchicha.

Fedha ikitosha nusu kilo tu

Chukua robo tatu ya uzito huo kidari na iliyobaki muundi, ukate vipande vya sentimita 3 ili kila mtu apate vichache. Ongeza viazi viwili na bilinganya mbili zilizomenywa na kukatwa ndogo. Bilinganya huyeyuka na kujaza mchuzi, na zinachukua ladha ya nyama vizuri. Njegere kikombe kimoja au maharage yaliyokwisha kuchemshwa yanaongeza shibe ya kweli. Kwa wakazi wa Kagera na Kilimanjaro jibu ni ndizi za kupika, na sina la kuwafundisha. Usipunguze vitunguu wala muda, hivyo ndivyo vinavyobeba ladha nyama ikiwa chache.

Kwa ugali, acha mchuzi uwe mwepesi kidogo ili tonge lizame. Kwa wali uache mzito. Kwa chapati, mzito zaidi. Pembeni weka mchicha, matembele au sukuma wiki, na kachumbari ukiweza.

Kiporo

Mchuzi huu siku ya pili huwa mtamu zaidi, viungo vikishaingia ndani ya nyama. Kilichobaki usikiache jikoni usiku kucha. Kiweke kwenye chombo kipana kipoe upesi, kiingie friji ndani ya saa mbili, na kiliwe ndani ya siku tatu. Asubuhi utakikuta kimeganda. Hiyo ni jelatini, si mafuta. Kipashe hadi kichemke kweli, ukiongeza maji kidogo. Nyumba isiyo na friji ipike kinachokwisha siku hiyo, kwa sababu baadhi ya sumu za bakteria hazifi hata ukichemsha upya.

Ukitaka kesho iwe rahisi, chemsha nyama ya kutosha siku mbili kwa moto mmoja, na uitenge nusu pamoja na supu yake kabla ya kuunga. Kesho jioni utahitaji kitunguu, nyanya na dakika 40.